Mashine Ilipomdanganya Mama

Kakuma,
16 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Lomunokol,

Ejok, u mzima? Natumai baridi ya Ujerumani haijakushinda na kwamba unakula vizuri. Huku jua ni lile lile. Mama anaendelea vyema. Nimeanza na hilo ili usome mengine bila hofu.

Alikuja kutoka Lodwar kunitembelea. Jumanne aliamka amelegea, ulimi mkavu. Nikampima kwa mashine yake ya sukari, ikaonyesha sukari imeshuka mno. Nikakimbia kumpikia chai tamu.

"Asekon, mimi nataka maji, si chai," akanung'unika.

Nikamlazimisha, nikamwongezea kikombe kingine. Akazidi kulegea, akawa anahema kwa nguvu, mwishowe haniitikii. Ndugu yangu, nikamwita jirani mwenye pikipiki! Tulimpakia, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, hadi zahanati.

Muuguzi Chepchumba alimpima kwa mashine yao. Kumbe sukari ilikuwa juu sana.

"Stripu zenu, hivi vijikaratasi vya kuwekea damu, zilikaa wapi?" akaniuliza.

Zilikuwa ndani ya mkoba wa Mama, nao ulisafiri juu ya pikapu, ukichomwa na jua njia nzima. Chepchumba akanieleza kwamba kwenye kila stripu kuna utando mwembamba uliopakwa kimeng'enya, na hicho ndicho kinachoitambua sukari kwenye damu. Joto likikiharibu, mashine husoma uongo. Akamtundikia dripu, akamdunga insulini. Sikuuachilia mkono wa Mama. Jioni alifumbua macho na kuuliza nani anachunga mbuzi wake. Nikacheka huku nalia.

Unajua miaka yote amewaambia majirani kuwa mwanawe anauza plastiki Ulaya. Basi nikamweleza kazi yako ya maabara, kwamba mnatafuta utando wa plastiki utakaokilinda kimeng'enya hicho kisife kwa joto kama la kwetu. Akataka nirudie polepole.

Mjomba Aukot na shangazi Namuria wa Lorugum wanakusalimu sana. Wanangu nao wanataka picha ya theluji.

Salamu za Mama nimeziacha mwisho. Yeye ambaye kila akikupigia simu hukuuliza utarudi lini, jana alinishika mkono akasema: "Mwambie asije kwanza. Amalize hiyo kazi."

Akuj, Mungu wetu, akulinde na aibariki mikono yako.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Asekon