Somo Ni Mimi, na Neno Sijalitoa

Jumamosi, 22 Februari 1997

Bi Hidaya kaja tena. Safari hii na kopo la majivu! Kayachekecha yakawa laini kama unga, kayafunika na kitambaa cheupe, kaliweka mezani kwangu juu ya daftari langu la kazini. Mtoto kakua, anasema, wewe unangoja nini?

Mtoto ni Yusra. Miaka kumi na miwili. Darasa la sita. Bi Hidaya ni shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, Saidi. Na mimi ndiye somo wake, wa kumfunda akikua — mama yake, Asia, alinichagua siku ya arobaini ya mtoto, mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi na saba, sijui lolote la dunia.

Kwa ukoo wao, na kwetu pia, ni hivi: nywele za kwapa za msichana, mara ya kwanza, anazing'oa somo wake. Kwa vidole na majivu. Hakuna mwingine wa kumgusa, hata mama mzazi. Siku hiyo somo anatoa neno kwamba kakua, na basi, ni mwari. Vigelegele, doti ya kanga, halafu anawekwa ndani. Shule kwisha. Posa zinaanza kupiga hodi.

Kwa vinywele vitatu vya kwapa!

Nikamwambia, Bi Hidaya, shikamoo yangu unayo, heshima yangu unayo, mtoto humpati. Akajibu kwamba mwanamke aliyeachika hana la kumfundisha mtu. Akaondoka. Kopo kaliacha makusudi.

Majivu nimeyatumia kusugulia sufuria. Zimetakata kweli.

Jumatatu, 24 Februari

Kituo cha mapokezi ya wakimbizi kimefurika. Boti tatu toka ng'ambo ya ziwa kabla ya saa nne. Kazi yangu ni ile ile: jina, kijiji, umri, umekuja na nani. Vidole vinauma.

Mama mmoja aliniomba nimwandike binti yake ana miaka kumi. Mtoto ananizidi kimo! Nikamwangalia mama. Akasema, dada, akiwa mtoto atakaa na mimi hema moja. Nikaandika kumi na mbili. Si kumi, lakini si kumi na tano. Mungu atanisamehe, na kama bosi Oswald ataligundua, naye anisamehe.

Nimefikiri njia nzima kurudi Ujiji. Kumbe umri wa msichana ni vile wakubwa walivyoamua kuuandika. Mimi waliniandika mkubwa siku ya Jumamosi, na Jumatatu yake nilikuwa na jaribio la hesabu. Nilikuwa nimejiandaa! Nilikaa ndani nikijifanyia zile hesabu kichwani mpaka zikaniishia. Elimu ya watu wazima ndiyo iliyoniokoa, miaka tisa baadaye, nimeshaolewa na kuachwa.

Sitoi neno. Hata waje na ngoma.

Jumatano, 26 Februari

Yusra kaja moja kwa moja toka shule, macho mekundu. Netiboli. Karuka kudaka mpira, wenzake wakacheka. Wakamwita kichaka. Goli lenyewe alifunga, lakini hakuna aliyeona goli.

Akaniambia: Somo, nitoe hizi nywele.

Nikawaka. Nikamwambia hapana, wewe mtoto, nywele za kwapa ni za Mungu, waache wacheke, watachoka. Akaniuliza, kwa hiyo ningoje mpaka lini? Nikajibu: mpaka niseme mimi.

Akanywa uji, akaosha kikombe, akaaga vizuri kabisa. Shikamoo Somo. Jioni yote sikio langu linawasha. Mpaka niseme mimi! Bi Hidaya mtupu. Sauti ile ile, kiuno kimeshikwa vile vile.

Ijumaa, 28 Februari

Leo nilimuuliza Verediana. Huyu mama katoka Fizi, huko ng'ambo, na wanawe wanne, kasuka nywele za kituo kizima tangu mwezi wa kumi na mbili. Siku hizi anasaidia jikoni. Nikamuuliza waziwazi, wakati anachambua maharage: kwenu msichana anaanza lini kujinyoa?

Akashangaa. Akasema, ile siku nywele zinamusumbua. Nikauliza, nani anasema? Yeye mwenyewe, mama! Ni mwili wa nani? Mwingine anakuja akiwa na kumi na moja, juu ya joto. Mwingine ana watoto watano na hajanyoa hata siku moja, na bwana hajakimbia. Tunamupa wembe, tunamuonesha, anaenda kuchota maji. Hapana kupiga kelele.

Nikamwambia kwetu akinyolewa ndiyo kakua. Verediana akacheka mpaka maharage yakamwagika. Akasema yeye mtoto wake wa tatu kanyolewa kichwa kizima juu ya chawa — basi huyo ni mzee wa kijiji?

Nimecheka. Halafu sikucheka tena. Siku zote nimepigana nisiseme neno, na sikujiuliza kwa nini liwepo neno.

Jumapili, 2 Machi

Nimefanya.

Nilimwita Yusra aje anisaidie kuosha dagaa. Dagaa tukawaacha kwenye beseni. Nikafunga mlango wa uani. Wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Maji ya moto, sabuni ya mawese. Nikamwonesha kwenye kwapa langu mwenyewe: lowesha, paka povu, vuta ngozi, taratibu, fuata nywele zilivyolala. Halafu nikampa afanye mwenyewe. Hakujikata hata mara moja — mimi nilijikata!

Nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Kwamba wembe huu wako peke yako, usimwazime mtu, siku hizi kuna maradhi. Kwamba si uchafu. Uchafu ni kutooga. Kwamba ukichoka kunyoa, acha, ziote, hakuna atakayekufa. Na kwamba leo hujawa mtu mwingine. Umenyoa tu.

Akauliza, sasa mimi ni mwari? Nikamwambia wewe ni darasa la sita. Una dagaa wa kuosha.

Akaosha dagaa huku anaimba. Nina furaha. Nina hofu pia, siwezi kukataa, maana vigelegele sijapiga na Asia sijamwambia. Nitamwambia. Wiki hii.

Jumanne, 4 Machi

Mvua kutwa. Boti hazikuja. Asia sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Yusra kapita uani kwao na ndoo kichwani, mikono miwili juu, gauni la nyumbani lisilo na mikono. Bi Hidaya kakaa kibarazani anachambua mchele. Akaona kwapa. Jeupe, safi. Akatupa ungo akapiga kigelegele! Majirani wakatoka. Wakapiga na wao, bila kujua ni cha nini. Nilikuwa nyumba ya pili nashona kifungo, nikadhani kuna aliyejifungua.

Nafika, mtoto kazungukwa na wanawake kumi, kalowa maji ya ndoo, mtu keshamtupia kanga begani. Bi Hidaya kanikumbatia! Mimi! Ananiita mwanamke wa maana, kumbe nilikuwa nafanya kimyakimya, ndivyo wafanyavyo masomo wenye akili. Anasema neno limetoka.

Asia kasimama mlangoni ananitazama. Si hasira. Kama mtu aliyesikia habari ya kwake kwa jirani. Na ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Hapo nimekosea, na kosa hilo ni langu peke yangu, simtupii Bi Hidaya.

Nikasema kwa sauti: hakuna neno lililotoka! Kanyoa, basi! Hakuna aliyenisikia, kwa zile kelele.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao nyumbani kwa Saidi baada ya adhuhuri. Bi Hidaya, Saidi, Asia, mimi. Yusra kawekwa chumba cha nyuma, tayari. Jana hakwenda shule.

Saidi mtu mpole, ndiyo shida yake. Anamwogopa dada yake tangu utoto. Alisema Zaitun, mwenyewe umemtoa nywele, sasa unakataa nini? Nikamjibu hivi, na naandika yote ili nisije nikajidanganya kwamba nilisema vizuri zaidi:

Nimempa wembe kwa sababu alikuwa analia. Angelia kwa jino ningempa karafuu. Hamkumweka ndani alipong'oka jino.

Bi Hidaya akasema jino si kwapa. Nikasema ndiyo, jino lina damu zaidi.

Asia akaficha mdomo kwa kanga. Nadhani alicheka. Saidi akatazama mkeka.

Halafu Bi Hidaya akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema yeye alingoja. Somo wake alikuwa anakaa Ilagala, aliugua, hakuja mwaka mzima, na mwaka mzima wenzake walimcheka kisimani. Alitamani siku ile ije. Ilipokuja alishukuru. Akauliza: sasa nani ananiambia kwamba ile siku ilikuwa kitu kibaya?

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Nikamwambia, Bi Hidaya, walikucheka, ukataka zitoke. Yusra naye hivyo hivyo. Mbona mmempa na kifungo?

Akasimama. Kasema somo anayekana kazi yake si somo. Kuanzia leo wewe hupo. Jumatatu Saidi aende shule akamfute jina. Saidi akaitikia haya.

Natoka, Asia akanisindikiza mpaka kwenye choo cha uani. Akanipa furushi. Nimelifungua hapa nyumbani: sare ya shule, imepigwa pasi. Soksi. Daftari la hesabu.

Jumatatu, 10 Machi

Saa moja na nusu. Naandikia kwenye benchi la nje ya darasa la sita. Nimeomba ruhusa kazini — nimesema naumwa.

Saa kumi na mbili asubuhi Asia kamtuma Yusra kisimani. Hakumpa ndoo. Nilikuwa kwenye kona na sare. Kavalia chumbani kwangu, tukatembea. Njiani kaniuliza, baba atanipiga? Nikasema sijui. Nikamwambia unaweza kurudi, nitakurudisha mwenyewe, sitakuona mjinga. Akafikiri mpaka tukapita sokoni. Akasema leo kuna sehemu na desimali.

Saa mbili na robo. Wamefika. Bi Hidaya mbele, Saidi nyuma. Mwalimu Honorata katoka darasani, kawaamkia taratibu kwa Kiha, Mwakeye, kama vile wamekuja kuzungumzia michango ya madawati. Mha wa Simbo huyu, hapandishi sauti hata shule ikiungua. Bi Hidaya kasema tumekuja kumchukua binti yetu.

Mwalimu kasema hakuna taabu. Kaingia, kaleta daftari kubwa la wanafunzi, kalifungua juu ya benchi, karibu yangu kabisa. Kaonesha mstari wa Yusra kwa kidole. Jina. Tarehe ya kuanza. Na safu ya mwisho: sababu ya kuacha. Kasema mzazi aandike kwa mkono wake na atie sahihi, maana mkaguzi huwa anasoma.

Saidi kajipapasa mifukoni. Hana kalamu. Nimempa yangu. Sasa naandika kwa penseli.

Bi Hidaya: andika kakua.

Mwalimu: wote wamekua, mama. Darasa zima. Mkaguzi ataniuliza huyu kakuaje peke yake.

Bi Hidaya: andika kanyolewa.

Ndani wanasoma kwa pamoja, sifuri nukta tano, sifuri nukta sita, na sauti ya Yusra naijua, ipo mbele ya wenzake, inawahi.

Saidi kanigeukia. Mimi niliyeambiwa sipo! Kaniuliza kwa kunong'ona, Zaitun, niandikeje?

Nimemwambia aandike ukweli, mkaguzi ausome: nywele. Nywele za kwapa, halafu jina lako kamili, halafu sahihi.

Kainamia daftari. Jasho linamtoka. Kaandika herufi moja, n, kasimama hapo. Bi Hidaya anamwambia malizia. Hajamalizia.