Kalsiamu imewaka na bosi yuko nyuma yangu

Kikohozi, ndugu yangu! Ndicho nilichosikia nyuma yangu katika giza la chumba cha darubini, kabla sijamwona mtu. Sasa hivi nimejificha chooni, nacheka peke yangu kama mwehu.

Unajua bosi aliapa kwamba seli ninazozikuza maabara zisipojibu leo, darubini anampa mwingine. Nilikuwa nimezitia ile rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu. Nikaigusa seli moja kwa sindano ya kioo. Kimya. Nikaigusa tena.

Ikawaka! Kalsiamu iliyofichwa kwenye vifuko vya ndani ilifumuka mahali pamoja, ikakigutusha kifuko cha pili, nacho kikamwaga yake, hadi mwanga ukaenea seli nzima kama umbea mtaani. Kisha seli ya jirani nayo ikawaka. IKAWAKA!

Nikaruka, nikaghani kwa sauti yote:

Cheche moja imewaka, seli nzima inang'aa,
Na bosi alonicheka, leo aje kushangaa!

Ndipo kikohozi.

"Nimeshakuja," akasema bosi. "Na nimeshangaa."

Wallahi nilitaka kuingia chini ya meza! Akasogea, akatazama skrini. "Umerekodi, mshairi?"

Sikurekodi! Vina vilijaa kichwani, kitufe cha kurekodi sikukigusa!

Bosi, mama wa watu, akacheka hadi akashika ukuta. "Bahati yako nimejionea mwenyewe. Darubini ni yako hadi kesho. Kesho nataka picha, sitaki beti."

Nikasimama wima, nikamwambia kwa sauti, mafundi wote wa maabara, waliovutwa na kelele zangu, wakisikia mlangoni: "Mama, nakuahidi, kesho nabonyeza kwanza, halafu ndipo naghani."