Moshi wa Babu Sebuleni

Arusha, Jumatano. Baridi ya Julai imekaza. Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi, na madirisha yote tumeyafunga.

Ndiyo shida yenyewe. Madirisha yamefungwa, na baba mkwe anavutia sigara sebuleni.

Ametoka kijijini Nkoaranga wiki iliyopita, amekuja mjini kutibiwa macho. Binti yangu Naomi, miaka miwili, amepewa jina la mama mzazi wa mzee, kwa hiyo babu humwita "mama". Kutwa nzima mtoto yuko mapajani mwa babu. Akilala, kifua kinamlia kama filimbi.

Leo nimempeleka zahanati. Daktari amemsikiliza mgongoni, kisha akanusa sweta lake. "Nani anavuta nyumbani?"

Nilitamani kusema hakuna.

Mume wangu nilishamwomba azungumze na mzee. Alinijibu, "Baba yangu nitamwambiaje?" Basi ikabaki kwangu, mimi mkwe.

Tuliporudi nikamwamkia mzee, nikakaa ukingoni mwa kochi.

"Baba, daktari amesema moshi unamzidishia Naomi. Naomba uwe unavutia nje."

Alimtazama mtoto, nami nikajuta kufungua mdomo.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemuumiza mama yangu?"

Alitoka akavutia kwenye manyunyu, mtoto akabaki mlangoni analia. Aliporudi Naomi alimnyooshea mikono, lakini hakumbeba.

"Na hili koti," akaniuliza, "si nalo lina moshi?"

"Ndiyo, baba."

Akalivua, akalitundika kwenye msumari wa nje. Akambeba mjukuu akiwa na shati tu, anatetemeka kwa baridi.

Nilikwenda jikoni nikalia.

Mume wangu alipoingia aliliona koti. "Umemtoa baba nje na baridi hii?" Hajanisemesha tena.

Naogopa. Mzee anaweza kuamka kesho akasema anarudi kwake, macho hayajatibiwa, na ukoo mzima ukajua aliyemfukuza ni nani. Lakini kile kifua cha Naomi nakiogopa zaidi. Maneno yangu siyarudishi. Kesho nitafua mapazia na vitambaa vya makochi, na mzee nitamtafutia sweta zito la kuvaa akiwa nje.

Ninapoandika hivi yuko barazani, anakohoa. Kikohozi kirefu, cha miaka.

Wiki nzima nahangaikia kifua cha mtoto. Cha mzee, nani kati yetu amewahi kumuuliza?