Kaka Yetu Amekataa Kuwa Babu Mpole

Athens, 9 Machi 1966

Mdogo wangu Polixeni,

Huko Melbourne joto limepungua? Mimi mzima, ila kaka yetu Stamatis atanitia wazimu. Miaka thelathini ameigiza majambazi kwenye filamu, hadi leo muuza samaki akimwona anapiga kelele, "Muuaji huyo!" Sasa amepewa nafasi ya babu mpole, naye anakataa.

"Sina sura ya wema," akasema.

"Sura unayo, kichwa ndicho kigumu!" nikamfokea.

Tuligombana wiki nzima. Mwishowe akanitupia karatasi za maneno yake ya filamu. "Maneno hayakai kichwani, Evanthia. Nasoma, yanapotea."

Basi nikaenda naye studio, nikajificha nyuma ya pazia, nikamnong'oneza neno kwa neno. Aliigiza vizuri mno, hata mafundi wa taa wakalia. Tulipotoka nje akanishika mkono kwa adabu, kama mgeni.

"Ahsante kwa msaada, mama," akaniambia. "Kwenu ni wapi?"

Njoo kabla ya Pasaka, Polixeni. Visingizio vya nauli sitaki kuvisikia.

Dada yako aliyechoka,
Evanthia