Pini Kumi na Moja

Kaka yangu uliye mbali,

Mama hajambo, mguu umepona. Nyumba tumepata, funguo ziko hapa mezani ninapoandika.

Mkataba wa mkopo ulikuwa na kurasa ishirini. Mama aliusoma kwa miwani yake ya kushonea, na kila neno asilolielewa akalichoma pini. Tulifika benki na pini kumi na moja. Ofisa wa mikopo akacheka: "Mama, umeleta mkataba au gauni?"

"Wewe eleza tu mwanangu, mimi nitachomoa."

Akaeleza. Malipo ya awali ni sehemu ya bei tunayotoa wenyewe. Riba inayobadilika inaweza kupanda katikati ya mkopo, tukachagua isiyobadilika. Pini zikatoka moja moja, ikabaki ya mwisho, kwenye "dhamana ya ziada".

"Hiyo ni kawaida tu," alisema.

"Nikishindwa kulipa, mnachukua nini?" nikauliza.

Akashusha sauti. "Nyumba mpya. Na ile anayoishi mama."

Ndilo neno ulilolisaini wewe bila kuuliza, na duka la baba likaenda. Mama hakulitaja duka. Alisema, "Pini hii haitoki." Tulikaa pale mpaka adhuhuri, meneja akachapisha ukurasa upya bila kifungu hicho.

Pini hiyo mama ameichoma kwenye pazia la chumba cha nyuma. Anasema chumba ni chako. Njoo uichomoe mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye nyumba.