Sauti ya Ezron Isiyosalimia

Safu hii inasomwa mpaka Ulaya. Haya, nimedanganya: inasomwa hapa Tunduma, na ng'ambo ya mpaka, kule Nakonde, gazeti lake wanafungia maandazi. Leo ameniandikia Restuta wa Ihanda.

"Mzee Andongwisye, shikamoo, naomba msaada maana usingizi sina, Jumamosi chama chetu cha wakulima wa kahawa kinachagua mwenyekiti, na wiki iliyopita nilitumiwa kwenye simu sauti ya mgombea Ezron akisema akishinda atauza mashine yetu ya kumenya kahawa, nami kwa hasira nikairusha kwenye kundi la kwaya, la kikoba na la ukoo, sasa shemeji yangu Lusungu ananicheka, anasema aliitengeneza yeye kwa simu, siku hizi sauti ya yeyote inatengenezwa, na watu wameshaapa hawatasimama kwenye mstari wa Ezron, kusema ukweli naona aibu, kwenda kwake nako mvua haikatiki, nifanyeje?"

Marahaba, Restuta. Pole, ila na wewe! Mimi niliishia darasa la nne, lakini sauti hiyo iliponifikia nilicheka. Imeanza moja kwa moja na mashine! Ezron ninayemjua hawezi kukuambia nyumba yako inaungua kabla hajauliza habari za watoto, za ng'ombe na za jirani. Simu imejua sauti yake, adabu yake haikuijua. Nawe, mtoto wa Kinyiha uliyelelewa kwa salamu ndefu, hukushtuka?

Huko nchi kubwa uongo wa namna hii unavuruga kura, na maprofesa wao wanakuna vichwa. Nani kati yao atakwenda kumgongea mgombea mlango? Wewe, Ezron yuko mashamba mawili tu kutoka kwako.

Basi kesho asubuhi nenda ukamwombe radhi. Halafu sema ukweli kwenye makundi yale yale matatu, kwa mdomo wako, na uanze kwa kusalimia ili wajue ni wewe. Jumamosi, kabla watu hawajajipanga nyuma ya wagombea, simama urudie, Lusungu akiwa pembeni aseme nani alimtuma. Baada ya hapo ukimnyima Ezron kura kwa ubishi wake ambao wote tunaujua, haki yako. Hata mimi nisingempa.

Na mvua usiisingizie. Mwavuli niliokuazima kwenye msiba wa Anyosisye bado unao. Ukitoka kwa Ezron, mpe kondakta wa basi la Coaster aniletee. Nalowa mwenzio.