Hukuwa Unausujudia Mlima

Mwanangu Asia,

Dumila si mbali, lakini tangu uhamie huko mwaka jana sijauona uso wako. Unapiga simu kila Ijumaa: shikamoo mama, marahaba mwanangu, basi, tumemaliza. Leo nimeona niandike, maana kwenye simu nitalia.

Naikumbuka Jumapili ile. Ulirudi kutoka kukimbia mlimani na wenzako, umelowa jasho, unachechemea. Ukatandika mkeka uani, ukapiga magoti, ukainama mpaka paji la uso likagusa chini, mikono umeinyoosha mbele, huinuki. Nikatazama ulikoelekea: mlima Uluguru. Kibla umeipa mgongo! Nikapiga kelele mpaka Mama Zuhura wa jirani akaja na wenzake, nikasema mbele yao kwamba mwanangu anausujudia mlima.

Wewe ukasema kwa upole, "Mama, miguu imekaza tu, najinyoosha."

Sikukusikiliza. Nikakwambia hiyo yoga yako ukaifanyie kwako. Siku ya tatu ukafunga begi, ukahamia Dumila.

Sasa nikupe habari zangu. Daktari kasema sukari imepanda, nifanye mazoezi. Unanijua, mimi kidogo sikijui. Nikajiunga na kina mama wanaokimbia Jumamosi asubuhi, nikapanda nao kilima cha Kilakala kama ninayefukuzwa, nikarudi nyumbani, nikajibwaga kwenye kiti, nikanywa chai. Kesho yake sasa! Vigimbi vigumu kama mawe. Chooni nilishikilia ukuta. Kurukuu nilishindwa, nikaswali nimekaa.

Jumamosi iliyofuata mwalimu wetu, binti wa rika lako, alitukataza kuondoka mara tu tulipomaliza kukimbia. Alisema misuli iliyofanya kazi kubwa inataka kutulizwa taratibu. Tukavuta pumzi polepole, tukanyoosha mapaja, kisha akatuambia tupige magoti, tuiname, paji la uso chini, mikono mbele. Nikainama. Mgongo ukafunguka, miguu ikalegea, na nikakuona wewe pale uani. Nililia hapo hapo kwenye mkeka. Mwalimu akadhani nimeteguka, akaja kunishika bega.

Hukuwa unaabudu kitu, mwanangu. Ulikuwa umechoka, unaumwa miguu, na mimi badala ya kukupa maji nikakutia aibu. Inaniuma sana. Ningekuuliza swali moja tu siku ile, ungenieleza, na pengine ungenifundisha.

Na kwa kuwa nilikusema mbele za watu, jana niliwaita wale wale, nikawakalisha uani, nikawaambia kwamba sikujua nilichokiona, nimekusingizia. Mama Zuhura akaniuliza, "Tangu lini mzazi akamwomba radhi mtoto?"

Nikamjibu, tangu leo.

Nisamehe, Asia.

Ni mimi niliyekukosea,
Mama yako